Mbiti wa Kitui na Maillu wa Kilungu: Waandishi Wawili wa Ukambani na Kazi Yao

Watu wengi hudhani kwamba mwandishi wa vitabu ni mtu aketiye mezani asubuhi, akashika kalamu, na maneno yakamjia yenyewe kama maji ya mfereji. Lakini waandishi waulizwapo habari za kazi yao, majibu yao huwa mbali kabisa na hayo. Mmoja husema alianza kwa kusikiliza. Mwingine husema alianza kwa kuwauliza watu wanataka kusoma nini. Katika nchi ya Ukambani wametokea waandishi wawili ambao njia zao zaonyesha jambo hili waziwazi, nao walitofautiana karibu kwa kila kitu isipokuwa lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Wa kwanza ni marehemu Profesa John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango, wilaya ya Kitui, tarehe 30 Novemba 1931, katika nyumba ya wakulima Wakristo. Wa pili ni Bwana David Maillu, aliyezaliwa mwaka 1939 katika vilima vya Kilungu, ambavyo siku zile vilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na leo vimo katika kaunti ya Makueni.

Hadithi za jioni

Kila mtu aliyelelewa Ukambani zamani ajua desturi ya hadithi. Mchana ni wa shamba na mifugo na kuteka maji, na katika Kitui maji yaweza kuwa mbali sana. Jioni, watoto wakingojea chakula kiive, ndipo bibi au mama huanza kusimulia habari za sungura na fisi, na za majitu yalayo watu. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyeitwa mwandishi.

Kijana Mbiti aliondoka katika mazingira hayo akaenda Alliance High School, Kikuyu, kisha akaenda Makerere, ambako alipata digrii yake mwaka 1953. Wengi waliopata elimu ya namna hiyo waliona haya kuandika kwa lugha ya kwao, maana Kiingereza ndicho kilicholeta kazi na heshima. Yeye hakuona haya. Kitabu chake cha kwanza, Mutunga na Ngewa Yake, kilichotoka mwaka 1954, ni cha Kikamba tangu mwanzo hata mwisho. Neno ngewa maana yake ni hadithi. Mwaka 1959 akatoa orodha ya maneno ya Kiingereza na Kikamba, iliyochapishwa na East African Literature Bureau, ile ofisi iliyoanzishwa mwaka 1948 ili kuwapatia wenyeji wa nchi hizi vitabu vya kusoma.

Kuandika Kikamba si jambo rahisi kama watu wadhanivyo. Lugha hii ina sauti saba za irabu, na mbili kati yake huandikwa kwa kutiwa alama juu ya i na u. Makarani wanaojua kupiga taipu wataelewa shida yake: mashine nyingi hazikuwa na alama hizo, ikampasa mwandishi kuziongeza kwa mkono, moja moja, kurasa baada ya kurasa. Akiziacha, msomaji hukwama kila mstari, kwa kuwa maneno mawili yenye maana mbalimbali huonekana kama neno moja.

Baadaye Mbiti alifanya kazi ya kukusanya hadithi za Wakamba kutoka vinywani mwa wasimulizi wenyewe. Alizipata kwa mamia. Baadhi yake alizichagua, akazifasiri kwa Kiingereza, zikatoka katika kitabu kiitwacho Akamba Stories, kilichochapishwa na Oxford mwaka 1966. Hapo ndipo mwandishi wa namna yake hukutana na taabu isiyo na dawa kamili. Hadithi isimuliwapo huwa na wimbo ndani yake, na wasikilizaji huuitikia. Msimulizi hubadili sauti akifika kwa fisi, hunyamaza mahali pa kutisha, huwatazama watoto machoni. Yote hayo hayaingii katika karatasi. Mwandishi hubaki na maneno matupu, naye hana budi kuchagua: ayaandike kama yalivyosemwa, nayo yaonekane mafupi na makavu, au ayapambe, na hapo yawe si ya bibi tena bali ni yake mwenyewe. Mbiti alichagua kutoyapamba mno. Wengine wamemlaumu kwamba hadithi zake ni fupi. Lakini zikilinganishwa na vitabu vya hadithi vilivyojazwa chumvi na wageni, ufupi huo ni uaminifu.

Kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote ilizaliwa pia katika lugha hiyo hiyo. Alipokuwa akisomea udaktari wa elimu huko Cambridge, ambao aliumaliza mwaka 1963, alichunguza jinsi vitenzi vya Kikamba vinavyotaja wakati. Akaona kwamba vitenzi vya mambo yaliyopita ni vingi na vyafika mbali, lakini vya mambo yajayo vyakoma karibu, havizidi yapata miaka miwili mbele. Kutokana na hayo akaandika juu ya fikira za Waafrika kuhusu wakati, na akatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, katika kitabu chake cha Kiingereza African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969 baada ya miaka kadhaa ya kufundisha Makerere. Wataalamu wengi walibishana naye. Na kwa kweli mkulima wa Kitui, awekaye mbegu kwa ajili ya mvua za mwezi wa Novemba na apandaye mwembe ambao wajukuu ndio watakaoula, angekuwa na neno la kusema katika ubishi huo. Lakini hata waliompinga iliwapasa kwanza wafungue kitabu cha mtoto wa Mulango na kufikiri juu ya vitenzi vya Kikamba, jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria.

Kuwauliza wasomaji

Bwana Maillu hakupitia Makerere wala Cambridge. Katika miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa fasihi kutoka Marekani, Bwana Bernth Lindfors, alizungumza na waandishi na wachapishaji wa Afrika Mashariki, na mwaka 1980 mazungumzo hayo yakatoka katika kitabu alichokipa jina la Kiswahili, Mazungumzo. Maillu alikuwa miongoni mwa waliozungumza naye. Alieleza kwamba kabla ya kuandika riwaya zake alifanya uchunguzi, akitaka kujua watu wa kawaida wapenda kusoma habari gani. Akagundua kuwa hawakuchukia kusoma kama ilivyosemwa. Walichukia kusoma vitabu visivyowahusu. Walitaka habari za mapenzi na ndoa, za fedha, siasa, dini na mauti.

Basi akawaandikia hayo. Mwaka 1972 alianzisha Nairobi kampuni yake ya kuchapisha, Comb Books, na yafaa kukumbuka kwamba miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza mwaka ule kimo kimoja cha methali za Kikamba, Ki Kyambonie. Kisha zikafuata riwaya ndogo za Kiingereza chepesi, za kutiwa mfukoni. Unfit for Human Consumption, cha mwaka 1973, chasimulia habari za karani wa Nairobi anayeumaliza mshahara wake kwa pombe na wanawake, huku watu wake nyumbani wakingoja fedha zisizofika. After 4:30, cha mwaka 1974, kina jina ambalo kila karani wa Kenya alilielewa bila kuelezwa, maana saa kumi na nusu siku zile ndiyo iliyokuwa saa ya kutoka ofisini, na kitabu chahusu yale yatendekayo baada ya saa hiyo baina ya mabwana wakubwa na wasichana wapigao taipu. Si ajabu ikiwa makarani walionunua vitabu hivyo walivificha ndani ya saraka.

Vilinunuliwa upesi, navyo vikaleta ghadhabu upesi vilevile. Baadhi ya waalimu wa vyuo walisema hiyo si fasihi bali ni uchafu. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake. Maillu alijitetea daima kwamba yeye ni mwalimu wa maadili: aonyesha shimo ili watu wasitumbukie. Msomaji wa haki atakubali nusu ya utetezi huo. Yule karani wa Unfit for Human Consumption kweli aangamia, wala hakuna asomaye mwisho wake akatamani kuwa kama yeye. Lakini njia ya kufika kwenye maangamizi hayo imeelezwa kwa furaha kubwa kidogo kuliko ilivyohitajiwa na fundisho.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Comb Books ilikuwa imeanguka. Mtu mwingine angeacha. Maillu alianza upya kwa kampuni nyingine, akawaandikia pia wachapishaji wakubwa wa nje, akaandika vitabu vya watoto kwa makumi. Mwaka 1989 alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kilichochanganya Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja, kama wasemavyo watu wa mjini, jambo lililowaudhi walinzi wa lugha zote mbili kwa mara moja. Na mwaka 1991 ikatoka Broken Drum, riwaya yenye kurasa zaidi ya elfu moja, ambamo alirudi kwa Wakamba na historia yao. Aliyetukanwa kwa kuandika vijitabu vya mfukoni alijibu kwa kitabu kisichoingia mfukoni mwa mtu yeyote.

Kurudi kwa Kikamba

Mbiti naye alirudi, ijapokuwa mwili wake ulikuwa mbali. Tangu mwaka 1974 makao yake yalikuwa Uswisi, na kuanzia mwaka 1981 hata 1996 alikuwa mchungaji wa kanisa katika mji wa Burgdorf, huku akifundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Katika uzee wake alichukua kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na halmashauri ya watu wengi: kufasiri Agano Jipya lote kwa Kikamba, moja kwa moja kutoka Kiyunani, peke yake.

Haikuwa kana kwamba Wakamba hawakuwa na Maandiko. Mmisionari Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849, alifasiri Injili ya Marko, nayo ikapigwa chapa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Agano Jipya lilipatikana mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Lakini tafsiri hizo ziliongozwa na wageni waliojifunza Kikamba wakiwa watu wazima. Mbiti alijifunza Kiyunani akiwa mtu mzima, na Kikamba akiwa mgongoni. Ugumu wake ulikuwa wa upande wa pili, nao si mdogo: aliishi miaka mingi mahali ambapo hakuna awezaye kutoka nje akasikia lugha hiyo njiani au sokoni, naye aliwaandikia watu wa Kitui na Makueni ambao usemi wao hubadilika kila siku.

Aliimaliza. Kitabu kilichapishwa mwaka 2014 na Kenya Literature Bureau, ofisi iliyorithi kazi ya ile iliyotoa orodha yake ya maneno miaka 55 kabla ya hapo. Profesa Mbiti alifariki huko Uswisi mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87.