HEDIFONI ZA MILIONI ZINAZOUA KELELE: KWA SISI WA MTONI ZINALIPA AU NI SIFA TU?



Kuna swali linazunguka sana huku kwetu, kuanzia kwa Aziz Ali mpaka Mtongani, hasa kwa wanaosoma na wanaopiga kazi za kompyuta. Hivi zile hedifoni kubwa za bei mbaya zinazosemwa zinaua kelele, zina maana kweli? Kuna washikaji wanaziwekea hela kwenye kibubu kabisa. Nimeona leo tuliweke wazi hili jambo, maana hapa tunaongelea mkwanja mrefu, na tunaongelea masikio, ambayo hayana spea Kariakoo wala popote.

TUANZE NA BEI

Sony WH-1000XM6 iliyotoka 2025 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 450 hivi. Bose QuietComfort Ultra ya 2023 ilitoka kwa dola 429. AirPods Max za Apple zilipotoka Desemba 2020 zilikuwa dola 549. Zigeuze kwenye hela ya Bongo, zote zimevuka milioni moja, na hapo hujaweka usafiri wala ushuru.

Sasa linganisha. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 kuwa 500,000 kuanzia Julai 2025. Maana yake mtumishi wa kima cha chini anunue hedifoni moja kwa miezi miwili na zaidi ya mshahara, bila kula, bila kodi ya chumba, bila nauli. Kwa sisi ambao hata huo mshahara hatuna, si ndiyo balaa?

Kwa hiyo lazima tujue hiyo milioni inanunua nini hasa.

ZINAFANYAJE KAZI?

Sauti ni hewa inayotikisika. Hutembea kama mawimbi, inapanda, inashuka. Hizi hedifoni zina maiki ndogo zinazosikiliza kelele ya nje. Kisha kuna kidude ndani kinachopiga hesabu haraka sana na kutengeneza wimbi la kinyume: kelele ikipanda, lenyewe linashuka. Yakikutana sikioni yanamalizana. Ni kama watu wawili wanavutana kamba kwa nguvu sawasawa, kamba haiendi popote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani kwa wazo hilo mwaka 1936, ila vifaa vya wakati ule havikutosha kulifanya kitu cha kuvaa kichwani. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT na mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kurudi Boston. Akavaa hedifoni alizopewa ndani ya ndege, lakini mvumo wa injini ukamharibia muziki. Akaanza kupiga hesabu humo humo angani. Kampuni yake ilianza kuuza hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria wa kawaida, QuietComfort, mwaka 2000.

Shika hapo mdau, maana ndiyo siri ya mada yote. Hiki kitu kilizaliwa kwa ajili ya NDEGE. Injini ya ndege inavuma mfululizo, sauti nzito isiyobadilika. Wimbi lake ni refu na linapanda na kushuka taratibu, kwa hiyo kile kidude kinaliwahi. Sauti kali na ya ghafla ina mawimbi mafupi ya haraka. Ukichelewa kidogo tu, wimbi lako la kinyume halikai sawa. Hapo kinachokusaidia ni pedi tu iliyofunika sikio, siyo ule ufundi uliolipia milioni.

SASA TUPIGE HESABU NA KELELE ZETU

Injini za mabasi na malori ya Kilwa Road: zinapungua sana. Hapa utashangaa mwenyewe.

Jenereta la jirani, feni, friji, kiyoyozi cha kafe: karibu vinapotea kabisa.

Ndege zinazopita kuelekea uwanja wa Julius Nyerere: mvumo unapungua vizuri.

Honi za bodaboda, kipenga cha trafiki, konda anayeita abiria: zinapungua kidogo, lakini bado unazisikia.

Watu wanaopiga stori pembeni yako, mtoto anayelia, TV ya mpira: sauti zinapita. Na kuna kituko kimoja, ukiondoa ule mvumo wa feni, maneno ya watu unaweza kuyasikia wazi zaidi kuliko mwanzo!

Kigodoro mtaa wa pili, spika mbili zimesimamishwa, singeli inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika: besi itapungua sikioni, lakini kifuani bado unaisikia inadunda, na sauti ya MC na vinanda vile vikali vinapenya. Saa nane usiku hedifoni ya milioni haikuokoi peke yake.

Umeona mambo yalivyo? Kelele inayotukosesha usingizi na masomo huku kwetu ni watu na muziki, yaani ile ile ambayo hizi hedifoni haziiwezi vizuri. Kelele zinazoiweza ni za safarini.

FAIDA ZAKE, TUSEME UKWELI

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni masikio. Fikiria uko ndani ya basi kutoka Mbagala kwenda Posta na umevaa earphone za kawaida. Injini inanguruma, na wewe unaongeza sauti mpaka mwisho ili uisikie nyimbo. Unapambana na injini kwa kutumia sikio lako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki. Siyo kwa siku wadau, KWA WIKI. Shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa tabia zao za kusikiliza. Ukishaharibu vile vinyweleo vya ndani ya sikio havioti tena. Hedifoni inayoondoa mvumo inakuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kulipia. Ukizinunua halafu bado unaweka sauti mwisho, umetupa hela yako.

Ya pili ni kichwa kutulia. Mvumo wa masaa unachosha hata kama hujali. Anayesafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kila siku atauona utofauti.

Halafu tusichanganye mambo: kuua kelele ni kwa ajili ya sikio LAKO. Unayeongea naye kwenye simu anategemea ubora wa maiki, ambayo ni habari nyingine kabisa.

HASARA ZAKE

1. Barabara. Kuvuka Kilwa Road huku umeua sauti za injini ni kutafuta ajali. Basi la mwendokasi na bajaji tunavigundua kwanza kwa sikio, ndipo tunageuka. Hedifoni nyingi za bei zina kitufe cha kuruhusu sauti za nje. Kitumie, au zivue kabisa ukishuka kituoni.

2. Vibaka. Kuvaa milioni kichwani jioni pale stendi ni kama kuandika tangazo.

3. Joto. Zilibuniwa kwa ajili ya ndege yenye kiyoyozi, siyo Dar ya Februari. Masikio yanatoka jasho, na zile pedi za ngozi bandia zinaanza kupasuka na kubanduka.

4. Betri. Zikiwa mpya zinakaa na chaji saa 20 hadi 30 hivi, safi sana hata umeme ukikatika. Lakini betri huchoka kila ukichaji. Zile kubwa nyingi zinaweza kuendelea kupiga kwa waya. Zile ndogo za kuchomeka sikioni betri ikifa ndiyo kwaheri, hata fundi mzuri anapata shida kuifungua bila kuivunja.

5. Watu. Huku uswahilini mzee anapita unatakiwa uamkie, mama anaita, mtu anapiga hodi, usiku mtu anapiga kelele za mwizi au moto. Ukiwa umejifungia dunia yako utaonekana una dharau, na siku moja utakosa taarifa ya maana.

6. FEKI. Hapa ndipo wengi wanalia. Jamaa yangu mmoja alinunua "Sony" kwenye duka moja mjini kwa elfu arobaini, boksi zuri, maandishi yote yapo. Kitufe cha kuua kelele kikibonyezwa kinaongeza besi tu, kelele iko pale pale. Kurudisha? Akaambiwa mali ikishatoka hairudi.

NAMNA YA KUJARIBU KABLA YA KUTOA HELA

Usijaribu kwa muziki! Muziki unaficha kila kitu. Zivae bila nyimbo yoyote, simama karibu na feni au jenereta, halafu washa na uzime kile kitufe. Mvumo ukishuka ghafla kama mtu kafunga mlango, teknolojia ipo. Ukisikia hakuna kilichobadilika, au inaongezeka sauti ya "shhh" peke yake, rudisha mezani, aga, ondoka. Dai risiti pia. Bidhaa bandia zina wa kuzishughulikia kisheria, Tume ya Ushindani (FCC), lakini bila risiti utaanzia wapi?

SASA NANI ANUNUE NINI?

Kama shida yako ni kusoma na kulala, anza na vile vidude vya sponji vya kuziba masikio wanavyovaa watu wa viwandani. Boksi huandikwa vinapunguza desibeli 30 hivi. Kiuhalisia unapata pungufu, hasa usipoviingiza vizuri: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka vitanuke. Hivi vinapunguza hata sauti za watu, na bei yake haikaribii kabisa hiyo milioni. Ila usivivae ukiwa unaangalia mtoto au mgonjwa.

Kama unasafiri mbali kila siku na unapenda muziki, kuna za kati. Soundcore ya kampuni ya Anker inauza zinazoua kelele kwa kati ya dola 60 na 100 huko nje. Haziwi sawa na Sony ya milioni, lakini kwa mvumo wa basi zinafanya kazi.

Kama unatengeneza biti, achana nazo. Zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kwenye singeli ukichelewa kidogo umepotea. Hedifoni ya studio yenye waya itakufaa zaidi.

Kama una kazi inayokulipa kwa utulivu wako, mfano kutafsiri, kuhariri video au kuhudumia wateja kwa simu, na unasafiri sana, hapo za milioni unaweza kuzitetea. Zichukulie kama cherehani kwa fundi nguo, kifaa cha kazi.

Wengine wote, mimi nasema hiyo milioni ina kazi nyingine.

Na mwisho wadau, kelele ya baa na kigodoro usiku kucha hatuwezi kuimaliza kwa kila mtu kununua cha kuziba masikio yake. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na NEMC ipo. Serikali ya mtaa ipo pia. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesomea chumba kimoja na watu watano hana milioni ya kununulia ukimya, na hatakiwi kuwa nayo.

Wewe unatumia nini kupambana na kelele huko kwenu? Umewahi kuuziwa feki? Mwaga hapo chini kwenye maoni, bila matusi tafadhali.

Nawakilisha.