Mizigo ina karatasi, kibarua wa Buhehe hana

BUHEHE, Busia – Kijana wa gombolola ya Buhehe anayetafuta kibarua hana haja ya kwenda Kampala. Kazi iko mjini Busia: kupakia na kushusha magunia ya mahindi, kusukuma mkokoteni, kulinda duka, kuendesha bodaboda. Akivuka upande wa Kenya anawakuta Wasamia wenzake, lugha ile ile ya nyumbani, pengine na shangazi aliyeolewa huko. Kinachobadilika ni malipo, na sheria inayoyalinda.

Nchini Uganda kima cha chini cha mshahara bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984. Ukizibadilisha leo unapata shilingi mia mbili na kidogo za Kenya, yaani fedha za chai na chapati chache kwa kazi ya mwezi mzima. Bodi iliyoundwa kulichunguza suala hilo ilipendekeza 136,000. Mwaka 2019 Bunge likapitisha mswada wa kuweka viwango kwa kila sekta, lakini Rais Yoweri Museveni hakuutia saini. Kwa hiyo mshahara wa Busia, Uganda, unaamuliwa na soko tu.

Upande wa pili, amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliongeza viwango kwa asilimia 6. Kwa amri hiyo, kibarua asiye na ujuzi maalumu katika miji iliyokuwa manispaa alistahili zaidi ya shilingi 14,000 za Kenya kwa mwezi, na nje ya miji hiyo takriban 8,600. Posho ya nyumba haimo humo.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Kuli hulipwa kwa gunia, na bei ya gunia inategemea mikono mingapi imesimama langoni asubuhi hiyo. Msimu wa kupanda, Buhehe huwa shambani na kuli hupatikana kwa shida. Mvua ikikatika, vijana humiminika mjini na bei hushuka. Tajiri anayelipa kwa bei ya soko hudhani hajavunja sheria yoyote. Upande wa Kenya huenda amekosea, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi, pamoja na haki zake. Uganda nayo, kwa kanuni za 2011, haimruhusu mtu kubaki kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Swali linalowasumbua wafanyabiashara ni jingine: je, Soko la Pamoja halikumaliza mambo haya? Itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, na inataja wazi uhuru wa wafanyakazi kutembea. Tangu 2014 Mganda na Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia, ambako ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mara moja, kilizinduliwa Februari 2018 na marais wa nchi hizo mbili. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi wa forodha.

Lakini kitambulisho kinamruhusu mtu kuvuka, hakimpi ruhusa ya kuajiriwa. Kanuni za itifaki zinamtaka mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi. Mkataba mfupi zaidi una pasi yake maalumu. Ngazi ya kwanza ya yote hayo ni mkataba. Kuli anayeitwa asubuhi na kulipwa jioni hana mkataba, basi hana pa kuanzia. Tena orodha za kazi ambazo nchi zilikubali kuzifungua zimeegemea zaidi wenye ujuzi na vyeti.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2014, eneo moja la forodha lilipoanza na mizigo ya Uganda ikawa inakamilishiwa ushuru Mombasa. Mawakala wa forodha wa Malaba, wilayani Tororo, walipungukiwa kazi. Wenye leseni na mtaji waliruhusiwa kuifuata kazi yao Mombasa. Kijana aliyekuwa akiwabebea mafaili, au mama aliyewauzia chakula, hakuwa na cha kumpeleka huko.

Ajali ndiyo inayoleta gharama yote kwa siku moja. Gunia likimwangukia kuli mguuni upande wa Kenya, Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe amekwisha kumkatia bima. Tajiri akimkana kwamba si mtu wake, mgonjwa hubebwa kurudi Buhehe na ukoo huchanga. Akikubali kuwa ni wake, anaweza kuulizwa kibali cha kazi, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ya Kenya inamhesabia kosa mwajiri wa mgeni asiye na kibali. Si ajabu wengi huchagua kumkana.

Vyama vya wafanyakazi vipo. Shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki, EATUC, liliundwa mwaka 1988 na lina makao yake Arusha. Uganda, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kimekwisha kuvipokea vikundi vya bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa, enzi za baiskeli zilizobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Makuli hawajafika huko.

Kwa anayeajiri leo, hatua iliyo karibu ni daftari: jina la kibarua, namba ya kitambulisho, siku alizofanya, fedha alizopokea na sahihi yake. Upande wa Uganda kuna la ziada. Tangu sheria ya NSSF irekebishwe mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Kibarua akihamia duka la ng'ambo, michango hiyo hubaki Kampala. Kifungu cha 12 cha itifaki kiliahidi kuoanisha hifadhi ya jamii za nchi wanachama, na ahadi hiyo bado haijamfikia wa Buhehe.