Panki ya Dandora haikuhitaji gitaa

Ukiuliza kama mitaa ya Eastlands, Nairobi, imewahi kuwa na waimbaji wa panki, wengi watakucheka. Panki, watakwambia, ni roki ya Wazungu wenye nywele za rangi na makoti ya ngozi, na kama Nairobi inayo basi iko upande ule mwingine wa mji, kwa vijana walionunuliwa gitaa na wazazi wao. Mimi nadai kwamba Dandora, mmoja wa mitaa hiyo, ilikuwa na panki yake tangu miaka ya 1990, na kwamba hatukuitambua kwa sababu tulikagua vyombo tukasahau kutazama kazi yenyewe. Shahidi wangu wa kwanza, hata hivyo, hatoki Dandora. Ni binti wa Msomali, aliyekulia London.

Marianne Elliott alizaliwa mwaka 1957, mama yake akiwa Mwingereza mweupe na baba yake mhamiaji kutoka Somalia. Alilelewa Brixton, mtaa wa watu weusi na wa kipato kidogo, akiwa chotara katika nchi ambayo haikujua imweke wapi. Mwaka 1976 alitoa wimbo mmoja wa rege usiovuma. Julai mwaka huohuo, siku alipotimiza miaka 19, aliwaona bendi ya panki ya Sex Pistols wakipiga katika mji wa pwani wa Hastings, na akaona vijana wasiojua muziki kumzidi wakiwa juu ya jukwaa bila haya. Aliweka tangazo gazetini kutafuta wenzake, akajiita Poly Styrene kwa jina la plastiki, na bendi yao, X-Ray Spex, ikazaliwa. Alipanda jukwaani na vyuma vya kunyoosha meno na nguo alizojibunia, akaimba kwa sauti ya kukwaruza kuhusu maduka, matangazo, dawa za kusafishia, na maisha yaliyogeuzwa bidhaa. Albamu yao ya pekee ya enzi hiyo, Germfree Adolescents, ilitoka mwaka 1978. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Madaktari walikuwa wamemwambia ana skizofrenia, na ikachukua zaidi ya miaka kumi kugunduliwa kwamba ugonjwa wake ulikuwa mwingine, ule wa hisia kupanda na kushuka. Katikati ya hayo alijiunga na waumini wa Hare Krishna. Alirudi na albamu ya mwisho Machi 2011, na mwezi uliofuata saratani ikamuua akiwa na miaka 53.

Katika maisha hayo mafupi, kilichomfanya awe mwanapanki ni nini? Haikuwa rangi, wala haikuwa gitaa peke yake, maana chombo kilichoitambulisha X-Ray Spex kilikuwa saksofoni, ikipigwa na msichana wa shule. Hata klabu maarufu ya panki ya London, Roxy, ilikuwa na mpigasahani Don Letts, mtoto wa Wajamaika, aliyejaza usiku kwa rege kwa kuwa sahani za panki zilikuwa bado chache mno. Kilichobaki ukiondoa mapambo ni hiki: mtu wa chini anayekataa kungoja aruhusiwe, anayesema habari za mtaa wake kwa lugha ya mtaa wake, kwa chombo chochote kilicho karibu.

Sasa tuje Dandora. Mtaa huu ulijengwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja takriban 6,000, na mpango wake ulikuwa wa ajabu kidogo: mwenye kiwanja alipewa maji na choo, kisha vyumba akaachiwa ajenge mwenyewe kadiri mfuko wake ulivyoruhusu. Jirani yake likawekwa jaa la taka la jiji zima. Plastiki aliyoiimba Poly Styrene kama ndoto ya madukani, hapa ilifika ikiwa moshi. Kutoka mtaa huo, katikati ya miaka ya 1990, wakatokea vijana watatu, Kamaa, Johny na Oteraw, waliojiita Kalamashaka. Redio za FM za binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa, na zilipenda muziki wa Marekani. Mkenya aliyetaka kufokafoka alitarajiwa afanye hivyo kwa Kiingereza, tena cha kuiga. Wao walifoka kwa Kiswahili na Sheng, wakizungumzia njaa, polisi, ukosefu wa kazi na serikali, wakati Rais Moi angali Ikulu. Wimbo wao Tafsiri Hii uliwafikisha nchi nzima, na mwaka 2001 wakatoa albamu ya Ni Wakati. Nyuma yao lilikuwepo kundi kubwa la wenzao Dandora lililojiita Mau Mau, ambalo liliungana na Ukoo Flani wa Mombasa na kutoa albamu ya Dandora Burning mwaka 2006.

Kuna watakaopinga wakisema hii ni hip hop, na hip hop ina jina na ukoo wake, kwa hiyo ya nini kuivika kanzu ya jirani? Pingamizi hili lina uzito, na sidai kwamba Kalamashaka walisikiliza bendi ya panki ya Ramones. Ila chombo huamuliwa na bei. Seti ya ngoma, amplifaya, chumba cha mazoezi ambacho jirani hatakuja kugonga mlango, na umeme usiokatika: hivyo ni vitu vya mtu mwenye nafasi, na chumba cha Dandora hakina nafasi. Mdundo unaweza kupigwa kwa mdomo au kwa ngumi ukutani. Kijana wa London alichukua gitaa kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi kupatikana. Wa Dandora alichukua maikrofoni kwa sababu hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: panki ilikuja kubomoa, Kalamashaka walikuja kufundisha, wakaitwa hata walimu. Anayesema hivi ameamini pini na matusi ya Sex Pistols kuliko mambo yenyewe. Aprili 1978 X-Ray Spex na bendi nyingine ya panki, The Clash, walipiga katika bustani ya Victoria, mashariki mwa London, mbele ya umati mkubwa uliokusanyika kupinga ubaguzi wa rangi. Hilo nalo ni darasa, ingawa lilikuwa na kelele nyingi. Na jina la Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, halichaguliwi na mtu anayetaka kumtuliza msikilizaji.

Pale mlinganisho unapovunjika ni kwenye pesa. Panki ya Uingereza ilipata mahali pa kuuzia. Duka la Rough Trade lilifunguliwa London mwaka 1976, likawa na lebo yake miaka miwili baadaye, na bendi ndogo ikaweza kurekodi na kuuza sahani bila kampuni kubwa. Eastlands ilipata River Road ya Nairobi, ambako kanda iliyovuma ilinakiliwa na kuuzwa barabarani kabla mwimbaji hajaonja chochote. Ndiyo maana hatua ya Martin Khanja, mwimbaji wa kundi la Nairobi la Duma, inastahili kutazamwa. Albamu ya Duma ya mwaka 2020, yenye kelele kali kupita panki yoyote ya 1977, ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024, kwa jina la Lord Spikeheart, Khanja alitoa The Adept, akaitabaruku kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau na nyanya wa ukoo wake. Safari hii lebo, Haekalu, ilikuwa yake mwenyewe.