Dawa ya kunyoosha nywele

Dawa ya kunyoosha nywele (pia: dawa ya nywele, rilaksa) ni kipodozi chenye kemikali kinachozifanya nywele za kipilipili ziwe nyoofu kama za singa. Hutumiwa hasa na wanawake wenye asili ya Afrika, hivyo madhara yake huwapata wao kuliko wengine. Lugha yenyewe inaonyesha chanzo cha jambo hili: pwani, "singa" ni sifa, "kipilipili" mara nyingi ni dhihaka.

Jinsi inavyofanya kazi

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na msokoto wake hushikiliwa na vifungo vya salfa. Dawa huvunja vifungo hivyo. Aina ya zamani ina hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ile ile ya kutengenezea sabuni. Nyingine hutumia hidroksidi ya kalsiamu iliyochanganywa na kemikali ya guanidini. Husifiwa kuwa laini, lakini nayo ni besi kali. Ndiyo maana msusi mzuri humpaka mteja mafuta mazito kichwani kwanza, na humwonya asijikune kabla ya kuja saluni. Ngozi yenye mchubuko huungua, na kemikali hupenya kwa urahisi.

Pwani ya Tanzania

Kuanzia Bagamoyo hadi Dar es Salaam, nywele zilitunzwa tangu zamani kwa mafuta ya nazi, hina na kusuka. Hina halisi ni majani yaliyopondwa tu. Piko ni jambo lingine: ni rangi nyeusi ya nywele ambayo hutumiwa kuchora maua mikononi na miguuni mwa bibi arusi. Mara nyingi huwa na parafenilindiamini, inayoweza kuleta malengelenge na mzio wa maisha, kiasi kwamba mtu hawezi tena kupaka rangi ya nywele bila kuvimba. Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, wala si kwenye ngozi.

Utafiti

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 18 za nywele zinazotumiwa na wanawake weusi. Asilimia 84 ya kemikali walizozikuta hazikuandikwa kwenye lebo. Baadhi huvuruga homoni.

Oktoba 2022 ulitolewa utafiti uliofuatilia wanawake 33,497 wa Marekani kwa karibu miaka 11. 378 kati yao walipata saratani ya mji wa mimba. Ilikadiriwa kuwa kufikia umri wa miaka 70 ugonjwa huo huwapata asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa ya kunyoosha, na asilimia 4.05 ya wanaoitumia mara kwa mara. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na watafiti hawakukusanya majina ya bidhaa. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa 2018 uliona uhusiano na saratani ya matiti.

Wasusi huvuta mvuke wa kemikali hizo kutwa nzima, aghalabu katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya ususi na unyozi miongoni mwa zile ambazo huenda zikasababisha saratani.

Udhibiti

Nchini Tanzania vipodozi vilisimamiwa na TFDA hadi 2019, kazi hiyo ilipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa inayopimwa kutoka kwenye kopo kubwa saluni humfikia mteja bila lebo yoyote ya kusoma.