Bunge la Msitu wa Nyandarua

Bunge la Kenya liliundwa na wapiganaji wa Mau Mau Februari 1954, ndani ya msitu wa Nyandarua, magharibi mwa mji wa Nyeri. Viongozi wa msituni walichagua wajumbe 12, na Dedan Kimathi wa Tetu, aliyewahi kuwa mwalimu, akawa waziri mkuu.

Vita vilikuwa vimeanza bila uongozi mmoja. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, vijana waliingia msituni makundi kwa makundi, kila kundi na mkubwa wake. Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, wakaunda Baraza la Ulinzi na kuyapanga makundi hayo kuwa majeshi yenye majina na vyeo. Mbinu za kijeshi hazikuwa ngeni kwa wote: Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, kiongozi wa Mlima Kenya, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Waingereza.

Bunge lilikusudiwa kuwa juu ya majemadari na kusema kwa niaba ya Kenya nzima. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote: watu waliowindwa usiku na mchana walijali uchaguzi, na Kimathi alisisitiza kumbukumbu ziandikwe.

Maadui wa Bunge walikuwa wengi. Aprili 1954 msako mkubwa wa Nairobi ulikata njia za risasi na dawa, kisha zaidi ya watu milioni moja wakahamishiwa vijiji vilivyolindwa, chakula kikaadimika msituni. Ndani kwa ndani, Stanley Mathenge, kiongozi mwingine wa msituni, na wenzake walilalamika kuwa waliosoma wanawatawala wasiosoma. Mwaka 1955 walizungumza na serikali bila idhini ya Bunge. Kimathi akawakamata, wakatoroka, wakaunda chombo chao, Kenya Riigi. Mazungumzo hayo yalivunjika, na Bunge halikupata nguvu tena.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Karari Njama, mwalimu aliyekuwa katibu mkuu wa Bunge, aliokoka. Kitabu alichoandika na Donald Barnett, kilichotoka mwaka 1966, kinaeleza mikutano ya Bunge kwa undani.