Fahamu: Kwa nini upunguze makundi ya WhatsApp

Tangu 2022, kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024. Hapo kelele huzidi: salamu za asubuhi, picha zilezile, ugomvi wa siasa, na tangazo la msiba wa jirani limezama katikati. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka huohuo mtandao huo uliruhusu mtu kujitoa kimyakimya. Wanaojulishwa ni wasimamizi tu. Itumie nafasi hiyo. Bakiza kundi la familia na la mtaa, mengine jitoe au yazime sauti.

Muda utakaopatikana una pa kwenda. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu bado hukaa barazani wakinywa kahawa na kubishana siasa uso kwa uso, na aliyekasirika jana leo humiminiwa kikombe chake.