Furu ya moshi: kuchagua ile muzuri bila kumaliza pesa ya shimo

Familia za wachimbaji hapa Kisangani zinajua: bila samaki ya moshi, safari ya kariere haiendi mbali. Lakini kuni zinakula pesa, moshi unaharibu macho ya mama, na si kila pipa linafaa kukaushia chakula cha watoto. Haya ndiyo mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa kwa fundi.

Mutu anayeenda kutafuta almasi ama zahabu, upande wa Banalia ao Bafwasende, hawezi kubeba samaki mubichi. Joto ni kali, barabara ni mubaya, na kule hakuna frigo. Ndiyo maana ngolo, mbenga na kapiteni, wale wanaovuliwa na Wagenia pa maporomoko na wale wanaofika na mitumbwi, wengi wao wanapita kwanza mu moshi. Hata mpiodi iliyotoka ku shambre fruwadi, ikikosa munuzi mpaka mangaribi, mama muuzaji anaitia mu moshi ili asipoteze mutaji wake.

Kwa hiyo furu ya moshi si kitu cha anasa. Iko chombo cha kazi, sawa vile beleshi na tamizi. Na chombo cha kazi mutu hakinunui kwa kutazama rangi.

Kwanza jua unataka samaki ya namna gani

Kuna moshi wa haraka na moshi wa kukausha. Moshi wa haraka unachukua saa 1 ao 2. Samaki anaiva, anapata rangi na harufu, lakini maji mingi inabaki ndani yake. Huyo ni wa kula siku 1 mpaka 3, basi. Ukimupeleka ku kariere, utafika na funza.

Moshi wa kukausha unaomba saa 10 mpaka 18, na samaki munene anaweza kupita hapo. Maji inayobaki ni karibu asilimia 10 mpaka 15. Samaki wa namna hiyo, akiwekwa muzuri mahali pakavu, anaweza kumaliza miezi mingi. Huyo ndiye wa muchimbaji.

Tufanye hesabu kidogo. Katika kilo 10 za samaki mubichi, karibu kilo 7 na nusu ni maji. Ukikausha mpaka asilimia 15, utabaki na karibu kilo 3. Bwana asiseme kama mama ameiba samaki: ni maji ndiyo imeondoka. Na mama anayeuza lazima aweke hesabu hiyo mu bei, la sivyo anafanya kazi ya bure.

Sasa fikiri: saa 18 za moto ni kuni ngapi? Hapo ndipo furu muzuri na furu mubaya zinaachana.

Moto na samaki wasiangaliane uso kwa uso

Chanja ya zamani tunaijua wote: miti minne, fito juu, moto chini. Haiombi pesa. Lakini moto wote unaenda ku upepo, na mafuta ya samaki inaanguka juu ya makala. Mafuta ikiungua, inatoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo unarudi kukaa juu ya samaki. Katika sumu hizo, moja inaitwa benzopireni. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, CIRC, limeiandika katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Huko Ulaya, tangu 2014, samaki ya moshi yenye kupita mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo hairuhusiwi kuuzwa.

Dawa yake si ngumu: tenga moto na chakula. Moto ukae pembeni mu sanduku lake, joto na moshi vipite kwa tundu, vizunguke samaki, halafu vitoke kwa bomba upande wa pili. Marekani, mafundi wa Texas wanatengeneza furu za namna hiyo kwa mabomba manene ya chuma. Inasemwa kama walioanza ni watu wa visima vya petroli, waliotumia chuma iliyobaki ku kazi. Wachimbaji wenzetu, kwa namna fulani.

Afrika nayo iko na akili yake. Ghana, kati ya miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa Chorkor, mutaa wa wavuvi pa Accra, pamoja na watafiti wa nchi yao na FAO, walipata furu ya udongo yenye chanja nyingi za kupandanisha moja juu ya ingine. Joto moja linakausha chanja zote. Baadaye, Senegal, chuo cha uvuvi pa Thiaroye pamoja na FAO walitengeneza, tangu 2008, furu yenye sahani ya kupokea mafuta na mahali pa pekee pa kutoa moshi. Jambo ni lile lile: mafuta isifike ku moto.

Pipa, matofali, ama vyote viwili?

Kwa mutu wa pesa kidogo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni pipa moja la lita 200, moto chini, chanja juu. Ni rahisi kupata na rahisi kubeba. Lakini chuma ya pipa ni nyembamba, karibu milimita 1. Haishiki joto. Mvua ikinyesha, furu inapoa. Jua likiwaka, samaki anaungua. Na mafuta inaanguka tena mu moto. Ukiwa na hii tayari, usiitupe: weka bati zima katikati ya moto na chanja ya kwanza, lenye kuinama kidogo ili mafuta ikimbilie pembeni, na uache nafasi kandokando moshi upite.

Ya pili ni furu yote ya chuma nene, yenye sanduku la moto pembeni. Chuma ya milimita 5 ao 6 inashika joto na inadumu miaka mingi. Lakini bei yake ni ya mutu aliyeokota jiwe kubwa, na kuibeba inaomba vijana wanne.

Ya tatu ndiyo tunayoshauri: sanduku la moto la matofali na udongo, na pipa linalala pembeni kama chumba cha samaki. Udongo wa kichuguu hauuzwi, matofali ya kuchoma yanapatikana mu makomini yote, na ukuta wa tofali unashika joto kuliko chuma nyembamba. Chuma unalipa pale tu inapohitajika: mulango, chanja, bomba. Kasoro yake ni moja: haihami. Mutu anayepanga nyumba afikiri mbele ya kujenga mu kiwanja cha wenyewe. Na udongo unaogopa mvua, basi inaomba paa kidogo juu.

Vipimo vya kumupa fundi

Usimwambie fundi "nitengenezee furu" halafu ukaenda. Mupe vipimo.

Sanduku la moto liwe karibu moja ya tatu ya chumba cha samaki. Kwa pipa la lita 200, sanduku la sentimita 40 kila upande linatosha: ni lita 64.

Tundu kati ya moto na samaki liwe karibu sentimita 20 kwa 10. Likiwa dogo, moto unakufa. Likiwa kubwa, samaki wa karibu wanaungua. Weka kipande cha chuma mbele ya tundu, kisukume joto chini ya chanja.

Bomba la moshi litoke upande wa pili, mbali na moto, lenye upana wa sentimita 10 hivi. Likiwekwa upande mumoja na moto, moshi unatoka bila kufanya kazi.

Sanduku la moto liwe na kidirisha cha kupitisha hewa, cha kufungua na kufunga. Hicho ndicho usukani wa furu.

Chanja zitengenezwe na ferabeto ya milimita 6 isiyopakwa kitu. Chini ya pipa toboa tundu dogo, weka kopo la kupokea mafuta.

Mbele ya kumaliza kulipa, omba fundi awashe moto wa majani mabichi ndani, mufunge kila kitu na muangalie. Moshi utoke kwa bomba tu. Ukiona unatoka kwa mulango na kwa maungo, joto lako na kuni zako zitatokea pale pale. Arudilie kazi.

Pipa limetoka wapi?

Hapa tunaomba ndugu wachimbaji wasikilize vizuri, sababu hatari hii iko kwetu kuliko kwa watu wengine.

Pipa lililobeba dawa ya wadudu, asidi, ama kemikali yoyote ya ku kariere, haifai. Kulisafisha na sabuni haisaidii. Pipa la mafuta ya kupika ni bora. La mafuta ya gari linaweza kutumika kama limechomwa moto mukali ndani na inje mpaka rangi yote ikaisha, kisha likasuguliwa. Lakini jihadhari: pipa la esansi likikatwa na moto wa fundi mbele ya kuondoa mvuke, linalipuka kama bomu. Lifunguliwe vifuniko, lioshwe, lijazwe maji. Fundi akate kwa patasi.

Manjanja ya nyumba nayo isiingie mu furu. Chuma hiyo imepakwa zinki, na zinki ikishika moto mukali inatoa mvuke wa kuleta homa na kifua.

Jambo kubwa kuliko yote ni zebaki. Wachimba zahabu wengine wanachoma zahabu yenye zebaki mu kikaango, ku moto wa nyumbani. Mvuke wa zebaki hauna harufu. Unakaa ku kuta, ku chanja, ku masizi, na joto likirudi, unapanda tena. Unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na unafika mpaka kwa mutoto aliye tumboni. Dunia iliona uchungu huo pa Minamata, Japani, mu 1956, ambapo watu walilemazwa na samaki wenye zebaki. Mukataba wa kimataifa wa kupiganisha zebaki unabeba jina la muji huo. Kwa hiyo: chombo chochote kilichogusa zebaki kisiingie mu jikoni, na furu ya samaki isichome zahabu hata siku moja. Hata kama PDG anasema ni dakika mbili tu.

Kuni gani?

Muti mugumu na mukavu. Kuni mbichi inatoa moshi mweupe na muzito, samaki anakuwa muchungu na mweusi. Moshi muzuri ni mwembamba, karibu na bluu. Ukiona mweupe, ongeza hewa. Muti wenye utomvu mwingi, mbao za rangi, kartoni, plastiki na matairi: hapana kabisa. Anzisha na kuni mpaka makala ya moto ipatikane, halafu ongeza kipande kimoja kimoja.

Na tukumbushe: furu muzuri haibadilishe sheria. Okapi na sokomutu ni nyama zenye kulindwa, hata zikikaushwa namna gani.

Hesabu ya nyumba

Bei ya furu unalipa mara moja, bei ya kuni unalipa kila siku. Tuseme mama anakausha mara mbili kwa juma, na furu mupya inamwokolea fungu moja la kuni kila mara. Mu majuma 25 ni mafungu 50. Zidisha na bei ya fungu ku Mangobo, Kabondo ao Lubunga, pale unapokaa. Hiyo ndiyo pesa unaweza kutia mu furu bila kupoteza. Fundi akiomba kupita hapo, punguza chuma, ongeza udongo.

Ambaye pesa haitoshi asikope kwa munuzi wa almasi. Akina mama watano wa likelemba wanaweza kujenga furu moja na kupangiana siku. Furu yenye chanja tatu inayojaa inakula kuni karibu sawa na furu yenye chanja moja.

Mara ya kwanza, washa moto bila samaki, saa tatu nzima, ili harufu ya rangi na ya udongo iishe. Furu ya udongo iachwe ikauke majuma mawili mbele ya hapo, la sivyo itapasuka. Samaki aoshwe, atolewe matumbo, apasuliwe kama ni munene. Moto uanze polepole: ukikaza mbio, ngozi inafunga, inje inakauka na ndani inaoza. Akikauka, mwache apoe kabisa ndiyo umufunge, sababu akifungwa na joto atatoa jasho na kuota ukungu. Na musinyunyize dawa ya wadudu juu ya samaki, hata kidogo. Bunzi na wadudu wanazuiwa na kufunga vizuri na kurudisha samaki ku moshi kila baada ya majuma machache.

Masizi ipangushwe kila juma, mafuta ya kopo imwagwe kila siku. Na mama asikae mudomoni mwa furu na mutoto mugongoni: ukishatoa pesa juu ya bomba, acha bomba lifanye kazi yake.